Masharti Aliyoyaandika Milunka

Kwa miaka ishirini na mbili, matusi yote yaliyomstahili bosi wake Ratomir yalimwangukia Milunka Tanasković. Alikaa nyuma ya kidirisha cha kioo karibu na mizani, katika ghala la baridi la rasiberi nje kidogo ya mji wa Arilje, na kazi yake ilikuwa kuwalipa wakulima. Ukimkuta amechoka ukamuuliza, angekwambia kazi yake ilikuwa kuwaeleza kwa nini hawajalipwa.

Mambo yalikwenda hivi. Mkulima analeta kreti zake, matunda yanapimwa, yanapewa daraja, anakabidhiwa stakabadhi anaondoka. Mkataba unasema pesa iwe imeingia benki ndani ya siku kumi na tano. Siku ya ishirini anarudi dirishani.

"Bi Milunka, vipi mambo yetu?"

"Benki inachelewesha."

"Benki ile ile ya mwezi uliopita?"

"Ile ile."

Wote wawili walijua benki haichelewi. Ratomir, mwenye ghala, alikuwa akizizungusha pesa za wakulima. Kwanza alijengea ghala la pili, kisha nyumba ya binti yake, kisha akaanza hoteli kule mlimani Zlatibor. Kila asubuhi alishuka na kipande cha karatasi alichochana kwenye kalenda, kimeandikwa majina sita au saba. Hao ndio wa kulipwa leo. Alikuwamo msimamizi wake wa ndoa, alikuwamo diwani, walikuwamo wale wenye sauti kubwa na kaka wengi. Waliobaki wangoje mwezi wa kumi na moja, na wengine mpaka theluji iyeyuke. Milunka aliandika malipo moja moja kwenye kompyuta: namba ya akaunti, kiasi, sababu ya malipo. Ratomir akaidhinisha kwa kadi yake, basi, siku ikaisha.

Mjini walimpa jina, Milunka Kesho. Aliwahi kulisikia dukani akinunua chachu, mama mmoja akimwambia mwenzake, "Mpishe Kesho apite," na wote wakacheka kwa chini chini. Alilipia chachu yake akatoka.

Lakini matusi si kitu. Lililomkaa moyoni lilikuwa la baba yake.

Mzee Vidosav alikuwa na mashamba mawili ya rasiberi, moja bondeni na jingine juu, chini ya msitu, lililopandwa na babu. Mwaka wa 2014 mvua ya mawe iliharibu la bondeni, akabaki analitegemea la juu, na mavuno yake yote ya mwaka ule yaliingia ghala la Ratomir. Alikuwa na mkopo wa trekta wa kulipa mwezi wa kumi. Kila asubuhi Milunka alimpelekea Ratomir orodha ya wanaodai, jina la baba yake likiwa la kwanza, na kila asubuhi Ratomir alilipitishia kalamu.

"Sitaki waseme unapendelea wa kwenu," alimwambia. "Nakulinda wewe, mama."

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Vidosav aliliuza shamba la juu kwa nusu ya thamani yake. Mnunuzi alijitokeza ndani ya siku tatu akiwa na pesa taslimu, naye alikuwa shemeji yake Ratomir. Wiki iliyofuata jina la Vidosav likatokea kwenye kipande cha kalenda. Milunka mwenyewe ndiye aliyeandika malipo yale, na akakosea namba ya akaunti mara mbili.

Mzee alikuja dirishani siku ile ile. Hakupandisha sauti.

"Nani anayeandika majina?"

"Yeye, baba."

"Na anayebonyeza ni nani?"

Vidosav alivaa kofia yake akaenda zake, na tangu hapo hakumsemesha binti yake. Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba alimpitishia mkate kaka yake Milunka, akimruka yeye kana kwamba kiti kile hakina mtu. Alipougua, Milunka alimwogesha kwa miezi mitatu, na kila alipokaribia na beseni mzee alifumba macho mpaka amalize. Alikufa hivyo hivyo, hajasema naye neno.

Watu walimuuliza kwa nini hakuacha kazi. Alikuwa na mume mgonjwa wa mgongo na mabinti wawili wanaosoma chuo mjini Niš, na Arilje hakuna dirisha jingine la kukaa. Hiyo ndiyo sababu aliyowapa. Sababu nyingine aliiweka moyoni: aliogopa kwamba akiondoka atasahau, naye hakutaka kusahau. Alitaka kumwona Ratomir kila asubuhi, amsikie anavyotafuna, na ajue kila dinari inakopita.

Majira ya baridi ya mwaka 2023, mkwe wa Ratomir alirudi kutoka Vienna. Jina lake Uglješa, kijana mwenye meno safi na viatu visivyofaa kwa matope. Alisimama nyuma ya kiti cha Milunka nusu saa akimtazama anavyoandika malipo, kisha akapanda ofisini kwa baba mkwe.

"Baba, karne gani hii? Mtu anakopi namba kwa mkono? Benki ikiona hivi itatupa mkopo wa msimu kwa riba ya juu kila mwaka."

Hilo la riba ndilo lililomwingia Ratomir. Wakaita kampuni moja ya programu kutoka Čačak, nayo ikamtuma binti mmoja aitwaye Iskra, kichwa amenyoa upande mmoja, anayekula biskuti huku akiandika. Iskra aliwachorea mambo kwenye karatasi. Mizani itaipelekea programu ya ghala uzito na daraja. Programu ya ghala itaipelekea programu ya hesabu deni. Programu ya hesabu itazungumza na benki moja kwa moja, na benki italipa. Atakayeleta tunda leo atalipwa siku yake ikifika, bila mkono wa mtu katikati.

"Mashine haijui chochote," Iskra alisema. "Inajua kile mtakachoiambia. Kwa hiyo nahitaji mtu aniandikie masharti yote ya malipo. Nani analipwa, lini, kwa utaratibu gani, pesa zisipotosha inakuwaje."

Wote wakamgeukia Milunka.

"Mama Milunka ataandika," Uglješa alisema. "Andika kila unachokijua, usibakize. Mwisho wa mwezi wa nane utapumzika."

"Nitapumzika wapi?"

"Nyumbani."

Alikuwa amebakiza miaka mitatu kufikia pensheni. Alipanda ngazi mpaka kwa Ratomir, akamkuta anakula mkate na nyama ya kuvuta moshi juu ya gazeti.

"Ni kweli?"

"Usininunie," Ratomir alisema, anatafuna. "Kazi yako ilikuwa nini? Kubonyeza. Sasa litabonyeza chuma. Chuma hakiumwi kichwa wala hakiombi likizo."

Milunka alishuka ngazi taratibu, mkono ukutani. Neno lile lile, miaka tisa baadaye, safari hii likitoka kwenye mdomo uliojaa nyama. Alikaa kwenye kiti chake. Aliitazama skrini, na hapo ndipo lilipomjia la kufanya. Lilimjia zima, kama kitu kilichokuwa kimekaa tayari kikisubiri aulizwe.

Aliandika kwa Jumapili tatu, kwenye meza ya jikoni, mchana, mkataba wa wakulima umefunguliwa mbele yake. Zilitoka kurasa kumi na moja. Hakuandika uongo hata mmoja. Aliandika kwamba mkulima hulipwa ndani ya siku kumi na tano, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Aliandika kwamba aliyetangulia kuleta hutangulia kulipwa. Ukurasa wa nne aliandika kwamba kuanzia siku ya kumi na sita deni huongezwa riba ya ucheleweshaji, na kwamba pesa zisipotosha, zilizopo zilipe madeni ya zamani kwanza mpaka ziishe, na zinazofuata kuingia ziendelee pale pale. Alitia ndani kila deni lililokuwa wazi, hata yale ya msimu uliopita ambayo Ratomir alitaka yasahauliwe. Kuhusu vipande vya kalenda hakuandika neno. Havikuwamo kwenye mkataba.

Iskra alizisoma zote akakuna upande wa kichwa usio na nywele.

"Nimewahi kufunga mambo haya kwenye maghala sita, Bi Milunka. Sijaona masharti manyoofu namna hii. Hakuna jambo lingine? Jambo ambalo watu wanalifanya lakini halijaandikwa?"

"Kama halijaandikwa, mimi nitalijuaje?"

Binti yule alimtazama. Milunka naye akamtazama. Iskra akachukua biskuti nyingine, akasema, "Sawa," akaanza kazi.

Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Ratomir. Milunka alimpelekea kurasa mwenyewe, mezani, kalamu juu yake. Ratomir alikuwa anazozana kwenye simu na mkandarasi wa hoteli kuhusu mbao za paa.

"Soma kwanza, bosi," Milunka alisema. "Hasa ukurasa wa nne."

Ratomir aliziba simu kwa kiganja. "Una nini huo ukurasa wa nne?"

"Masharti ya kulipa."

"Mikataba hiyo nimeitunga mimi, miaka ishirini sasa. Unataka kunifundisha mikataba yangu?"

"Sitaki. Nimesema tu usome."

Alitia sahihi kurasa kumi na moja, moja baada ya nyingine, simu imebanwa begani. Uglješa akamwekea na karatasi ya benki, ile inayoruhusu malipo yanayotoka kwenye programu yapite bila kuidhinishwa moja moja.

"Tuweke kikomo cha siku, baba?"

"Kikomo cha nini? Nitaibiwa na mizani?"

Hapo Milunka alikuwa na nafasi ya kusema. Angeweza kusema, wewe mtu, umejifunga mwenyewe. Alikumbuka beseni, maji ya uvuguvugu, na macho ya mzee yaliyofumbwa. Akakusanya kurasa zake, akazigonga mezani zikae sawa, akatoka.

Mwezi wa saba waliijaribu mashine kwa wakulima watatu tu. Uglješa alichagua wale ambao baba mkwe alitaka kuwalipa hata hivyo, kwa hiyo kila mtu alifurahi na ikanywewa pombe kali ya rakia. Wengine walingoja dirishani kama kawaida, na Milunka akawaambia kama kawaida kwamba benki inachelewesha. Mashine yenyewe ingewashwa Jumatatu, tarehe ishirini na moja ya mwezi wa nane, siku ambayo mkopo wa msimu ungeingia. Ratomir alishapanga. Jumatano angemlipa mkandarasi wa paa, na wakulima angewatupia kidogo wanyamaze.

"Jumatatu nitakushushia majina," alimwambia Milunka Ijumaa ile. Akilini mwake mashine ilikuwa taipureta ya kisasa. Ilikuwa lazima kuwe na mahali pa kuingizia karatasi yake.

Jumatatu Milunka alivaa blauzi aliyokuwa ameinunulia mahafali ya binti yake. Saa mbili asubuhi mkopo uliingia. Dakika kumi baadaye mistari kwenye skrini ilianza kugeuka kijani, mmoja, kisha kumi, kisha ukurasa mzima. Yeye alikuwa amekunja mikono mapajani. Alisoma majina yakipita: wajane, ndugu wawili kutoka Latvica waliokuwa wakidai tangu mwaka jana, mwalimu mstaafu mwenye mistari mitatu tu ya rasiberi. Jina la Vidosav halikuwamo. Aliyekufa hana akaunti. Hilo lilimchoma kuliko alivyotegemea, na kwa muda furaha yote ilimtoka, akabaki anatazama kijani kama mtu anayetazama nyasi.

Kidirisha kiligongwa. Alikuwa Desimir, mkulima wa Brekovo, yule aliyetema mate kwenye kioo kile mwaka uliopita.

"Haya, Kesho. Leo benki ina udhuru gani? Imevunjika mguu?"

"Tazama simu yako, Desimir."

"Nitazame nini, picha ya Ratomir?"

"Tazama."

Alitazama. Aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akamkabidhi Milunka kupitia upenyo wa dirisha amsomee.

"Hapa kuna kosa. Imezidi."

"Haijazidi. Hii ni ya mwaka jana, hii ya mwaka huu, na hii ni riba ya kuchelewa."

"Riba? Mimi napewa riba? Tangu lini?"

"Tangu ulipotia sahihi mkataba. Imeandikwa humo."

Desimir akatoa leso akaanza kufuta kioo mahali palepale alipotemea mate, ingawa palikwisha kusafishwa zamani. "Milunka," alisema, na hakuendelea.

Saa nne Ratomir alishuka, kipande cha kalenda mkononi.

"Waingize hawa saba."

"Wameshalipwa."

"Wamelipwa na nani?"

"Na wewe. Umewalipa wote. Watu mia mbili na kumi na wanne."

Ratomir alicheka kwanza. Kisha akainama akatazama skrini, akaona kilichobaki kwenye akaunti. Kilitosha kununua matairi mawili ya lori. Alivuta kiti cha mtu wa mizani akakikalia.

"Rudisha."

"Hazirudi."

"Nani amebonyeza?"

"Hakuna aliyebonyeza, bosi."

"Usinifanyie mchezo, mwanamke. Nani amebonyeza?"

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, mikono mapajani. Muulize mtu wa mizani. Chuma chako kimesoma ukurasa wa nne."

Aliipiga simu benki. Sauti ya binti wa benki ilisikika mpaka nje, ya upole, ikimweleza kwamba kila kitu kimefuata maelekezo yaliyo na sahihi yake. Akampigia Uglješa, akamtukania mama yake, ambaye ni mkwe mwenzake. Mwishoni alimgeukia Milunka, uso umekuwa wa rangi ya majivu.

"Umeniua. Miaka ishirini na mbili umekula mkate wangu, umeniua."

"Baba yangu aliniuliza anayebonyeza ni nani," Milunka alisema. "Sikuwa na la kumjibu. Nimelitafuta jibu miaka tisa. Unamkumbuka baba yangu?"

Ratomir alimtazama, na Milunka aliona wazi kwamba anajitahidi kukumbuka na hakumbuki. Wakulima mia mbili. Vidosav alikuwa mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu. Aliyajua mambo mengi kuhusu mtu yule, lakini hilo hakuwa amelijua, na chuki yake ambayo alidhani imefika mwisho ikapata mahali pengine pa kukaa.

Alifukuzwa saa ile ile badala ya mwisho wa mwezi. Ratomir alimleta wakili kutoka Užice ili amshitaki. Wakili alisoma kurasa kumi na moja mara mbili, akauliza ni nani aliyemkataza mteja wake kusoma, akatoza ada ya safari akaondoka. Mkandarasi wa hoteli alishusha majukwaa yake ya ujenzi akaondoka. Mvua za vuli zikanyesha ndani ya vyumba arobaini visivyo na paa, na kabla ya mwaka mpya jengo lote likauzwa kwa tajiri mmoja wa Novi Sad, kwa bei ya haraka.

Haikuwa sherehe kwa kila mtu. Wanawake wanaochambua matunda ghalani hawakupata mshahara wa mwezi wa tisa mpaka mwezi wa kumi na mbili. Slavka, jirani yake Milunka ukuta kwa ukuta, alikuwa mmoja wao, na akaacha kumsalimu asubuhi. Milunka alimpelekea gunia la viazi. Slavka alilirudisha mlangoni. Hilo Milunka hakuwa ameliandika kwenye ukurasa wowote, na hajawahi kujitetea kwalo.

Shamba la juu lilibaki kwa yule shemeji. Halilimwi, limejaa miiba. Milunka alikwenda kuuliza bei, akaambiwa mara tatu ya kile alicholipwa baba yake.

Iskra alimpigia simu majira ya kuchipua. Kampuni yao ilikuwa na kazi kwenye maghala mengine, na ilihitaji mtu wa kukaa na wenye mali awaulize masharti. Sasa Milunka hupanda basi mara mbili kwa wiki, anakunywa kahawa za watu asiowajua, anafungua mikataba yao na kuwauliza kama wanataka mashine ilipe kama ilivyoandikwa au kama wanavyofanya. Wengine hucheka. Wengine huomba wiki moja ya kufikiri.

Na Ratomir hakuanguka. Ghala lilibaki mikononi mwake, na mashine hakuthubutu kuizima, kwa sababu benki ilikuwa inaitazama. Msimu uliofuata ilisambaa habari kwamba kwake unalipwa siku ya kumi na tano, riba juu ukicheleweshwa, na wakulima wakafurika mpaka kutoka Ivanjica. Mwezi wa tisa redio ya mji ilimwalika. Milunka alikuwa na wifi yake nyumbani, wanachoma pilipili kwenye jiko la uani, redio imewekwa dirishani. Sauti ile ile ya kutafuna ilisema kwamba yeye siku zote alimpenda mkulima, na ndiyo maana alikuwa wa kwanza wilayani kuleta malipo yanayojiendesha.

Wifi aliinuka kuizima.

"Iache," Milunka alisema.

Walisikiliza mpaka mwisho. Mtangazaji alimshukuru, wakapiga wimbo.

"Unajuta?" wifi aliuliza.

Milunka aliipindua pilipili iliyokuwa inaungua upande mmoja.

"Najuta mashine iliwashwa mapema. Ningemwacha aezeke hoteli kwanza, ndipo aipoteze."